Behewa la Kilometa 86

Kilometa 86, njia ya Ubundu
3 Julai 2024

Papa,

Nimefika salama, kwa hiyo unaweza kuacha kufunga na kuomba, ukale. Pikipiki ilituangusha mara tatu tu. Mara ya tatu sufuria za Madame Josée zilitumbukia mtoni na dereva alitaka mimi ndiye nizifuate. Nilimtazama mpaka akavua viatu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Madame Josée hakutudanganya. Behewa lipo, tena zima, limesimama peke yake juu ya kipande cha reli na msitu umelibana pande zote. Mbele yake mti umeota katikati ya reli, mnene kuliko mimi, kwa hiyo hata injini ikifufuka haliendi popote. Viti vimeng'olewa, vimebaki viwili. Kuna vitanda vinne, vyandarua, mapazia niliyoshona mwenyewe kule Mangobo, na jiko dogo upande wa nyuma. Ukutani bado kuna kile kibao cha Kifaransa kinachokataza watu kutema mate. Wageni wa kwanza ni Wazungu wanaotafuta ndege wa msituni, watafika tarehe 25. Kazi yangu ni kupika, kufua, kutandika, na kuhakikisha hawaliwi na siafu.

Na habari kubwa nimekuwekea hapa: nje, chini ya kutu, nimesugua nikaona namba. Ni 114. Papa, ni la kwenu! Wewe uliyekuwa mkuu wa treni miaka yote ile, unayesema uliyajua mabehewa yako kama wanao, hebu niambie huyu 114 alikuwa mtoto wa tabia gani.

Usiku wa kwanza sikulala vizuri, nakiri. Bati likipoa linalia, na sakafu inatikisika kidogo ukigeuka, basi nilijikuta nimeshika ukingo wa kitanda nikisubiri tuondoke. Asubuhi nilijicheka. Leo naona ni mahali pazuri kuliko chumba chochote nilicholala maishani mwangu.

Mlinzi ni papa Gédéon, mzee mkavu mwenye maneno machache. Anakaa kibandani kwake, ndani ya behewa haingii hata mvua ikinyesha. Jana aliniuliza, «We iko mutoto ya nani?» Nikamwambia. Akasema, «Édouard wa treni? Iko muzima?» Nikasema iko muzima kabisa, anasumbua watu kule Kabondo. Akasema, «Bon,» akaweka chini ndoo ya maji niliyomwomba anisaidie kubeba, akaenda zake. Ulimfanya nini huyu mzee?

Jambo la mwisho. Toka hapa Ubundu si mbali. Tarehe moja mwezi wa nane, sikukuu ya wazazi, nitaomba ruhusa niende nikamsafishie mama kaburi. Mwaka huu msijisumbue kusafiri, wewe na mjomba, noko Sébastien. Mwambie dada yake atapaliliwa vizuri.

Barua hii anakuletea Sadrack, yule anayesukuma baiskeli ya mafuta ya mawese mpaka Lubunga. Mpe ya kwako arudi nayo, huku simu haishiki kabisa.

Mtoto wako anayekupenda,
Aimée

*

Kabondo
7 Julai 2024

Aimée,

Barua yako imefika leo saa tisa na dakika kumi alasiri. Najibu mara moja maana Sadrack anavuka mto kesho alfajiri.

Nakuomba urudi nyumbani. Najua uliitafuta kazi hiyo miaka miwili. Nitazungumza mwenyewe na Madame Josée, nitamtafutia mtu mwingine. Behewa lile limeoza chini. Mbao za daraja la pili zilianza kuoza tangu wakati wetu. Kuna nyoka. Kuna unyevu, na kifua chako unakijua.

114 lilikuwa behewa kama mengine. Sina cha kukusimulia.

Ubundu usiende. Njia si nzuri na mwanamke peke yake hana la kutafuta huko. Noko Sébastien nitamweleza mimi. Mama yako hakasiriki akikosa kupaliliwa mwaka mmoja.

Na papa Gédéon usiongee naye sana. Alikuwa mfanyakazi wa reli hapo kituoni na alikuwa mlevi. Mlevi hasahau kulewa.

Sikuamrishi, nakusihi. Njoo na Sadrack safari yake ijayo.

Papa yako,
Édouard Bolamba

*

Kilometa 86
12 Julai 2024

Papa,

Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikaisoma tena nikakasirika. Una mwaka wa ngapi ukinitafutia nyoka kila nikipata kazi? Dukani kule sokoni kulikuwa na wezi. Shuleni Kabondo kulikuwa na kifua kikuu. Sasa hapa mbao zimeoza. Nimepiga sakafu yote kwa nyundo, kipande kwa kipande. Imeoza mahali pamoja tu, chini ya jiko, na nimeshaweka ubao mpya kwa mikono yangu. Sirudi. Nina miaka ishirini na tisa.

Papa Gédéon naye hanywi. Ananusa pombe anatema mate. Sijui ulimchanganya na nani.

Lakini kuna jambo, na hili sikuandikii kwa mzaha. Madame Josée anataka choo cha wageni kichimbwe kabla hawajafika. Mahali pazuri ni pamoja tu, pale palipo juu kidogo, hatua ishirini toka mlango wa behewa, ukingoni mwa reli. Kwingine ni maji. Nilipompeleka papa Gédéon nimwonyeshe, alikaa chini pale pale. Akasema, «Apa hapana. Apa kunalala mutu.» Nikamwuliza nani. Akanitazama mpaka nikaona haya. Akasema, «Kifo haisemwe na mugeni. Ni familia njo inasema. Uliza papa yako.»

Nimemzungukia siku tatu. Nimempikia pondu yenye samaki, nimempa sigara. Jibu ni hilo hilo: uliza papa yako.

Basi nakuuliza. Madame Josée ameshatuma wachimbaji wawili na ujumbe wake hauna mlango wa kutokea: Ijumaa tarehe 19 shimo lianze, la sivyo atatafuta msimamizi mwingine. Mimi kwa nafsi yangu sitaki kuchimba juu ya mtu. Kama kweli yupo mtu pale, hata awe nani, nitamwambia Madame hapana, na akinifukuza nitarudi nikusikilize ukinicheka. Lakini siwezi kupoteza kazi kwa sababu ya mzee anayezungumza nusu nusu. Wewe ulipita hapa miaka kumi na saba, unaijua njia hii mita kwa mita. Niambie tu: yupo, au hayupo? Neno lako nitalifuata.

Aimée wako

*

Kabondo
15 Julai 2024

Aimée,

Hayupo.

Naijua njia hiyo mita kwa mita, kama usemavyo. Hapo juu palikuwa mahali pa kuchomea mbao za reli zilizooza. Udongo umeinuka kwa sababu ya majivu. Gédéon amezeeka, anachanganya. Makaburi ya kituo yalikuwa upande wa kijiji, mbali.

Chimbeni mmalize. Maliza kazi yako na Wazungu wako, halafu urudi.

Papa yako,
Édouard

*

Kabondo
16 Julai 2024

Mwanangu Aimée,

Usichimbe. Kama barua ya jana imetangulia hii, ichane. Nimekudanganya.

Leo asubuhi nimevuka mto nimwahi Sadrack nimnyang'anye ile barua. Nilifika Lubunga saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa ameondoka saa kumi na moja. Nimemfuata kwa miguu mpaka pumzi ikaniishia, nina miaka sabini na moja. Hii ninampa Yusufu, muuza chumvi, lakini yeye anaondoka keshokutwa. Nimemwongezea chochote nilichokuwa nacho ili akimbie. Namwomba Mungu awahi.

Pale amelala mama yako; Gédéon asingekutuma kwangu kwa ajili ya mtu mwingine.

Ngoja, usome mpaka mwisho, ndipo unichukie.

Mwezi wa sita mwaka elfu mbili, mabomu yalipokuwa yanaanguka mjini, tuliondoka Lubunga na treni moja, watu wamejaa mpaka juu ya paa. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Wewe na mama yako niliwaweka ndani ya 114. Kufika karibu na kilometa 60, watu walianza kutapika na kuhara humo ndani. Kila mtu akapiga kelele: kipindupindu. Sisi wa reli tulikuwa na kanuni moja. Mgonjwa wa namna hiyo anashushwa kituo kinachofuata, anangoja treni ya kurudi. Kilometa 86 nilishusha watu watatu. Mmoja wao, mama wa makamo, alinishika suruali. Nikamwambia kanuni ni kanuni.

Ndipo mtu mmoja alipoita toka ndani: «Chef, na bibi yako? Ye pia anatapika tangu asubui. Ya watu unashusha, ya kwako unaficha?» Behewa lote likanitazama.

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na funguo, nilikuwa na kofia, askari wawili walinitii. Lakini yule mama wa makamo alikuwa amekaa chini kwenye kokoto na yeye pia ananitazama. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ya kazi: ashuke.

Chantal, mama yako, hakulia. Alikutoa mapajani mwake akanipa. Akaniuliza, «Édouard, unarudi kesho?» Nikasema kesho. Nilimwachia Gédéon mkeka na galoni ya maji nikapuliza filimbi.

Ubundu askari waliikamata injini. Kesho ikawa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili walituachilia turudi. Tulipokaribia kilometa 86 nilisimama dirishani, wewe ukiwa mgongoni kwangu umelala. Nilimwona Gédéon ukingoni mwa reli ameinua majani ya mchikichi juu ya kichwa. Umekulia kwetu, unajua majani hayo yakiwekwa njiani yanasema nini: hapa kuna matanga. Nikajua amekufa. Tena nilikuwa nimeshajua tangu siku ile, maana wa kipindupindu wasio na dawa hawafikishi asubuhi ya pili. Mwendeshaji, marehemu Hilaire, aliniuliza, «Tusimame?» Nikasema pita. Sikuweza kushuka nikaone udongo, Aimée. Sikuweza kukushusha wewe uuone.

Kwa noko Sébastien nilisema dada yake amefia hospitalini Ubundu na masista wamemzika. Alipodai kuona kaburi, nilitangulia wiki moja nikarundika udongo nikapigilia msalaba na jina. Chini ya msalaba ule hakuna mtu. Mara nne tumesafiri na noko kupalilia, mara nne amelia pale mbele yangu. Nilimshika bega.

Jana niliandika «hayupo» kwa sababu nilifikiri: wakichimba, mifupa ni mifupa, hakuna atakayejua, na jambo litakwisha. Niliandika hivyo juu ya Chantal. Usiku sikufunga jicho.

Usichimbe, mwanangu. Nipe nafasi nije nimwombe msamaha mimi mwenyewe.

Papa

*

Kilometa 86
20 Julai 2024

Papa,

Ulisema hayupo. Yupo.

Barua yako ya tarehe 15 ilifika Alhamisi. Papa Gédéon nilimsomea. Alichukua fimbo yake akaondoka kwenda kumwita chifu wa kijiji aje azuie. Ni mwendo wa siku nzima kwa miguu yake. Nilimwona anaondoka, na sitakuficha, nilishukuru. Ijumaa asubuhi niliwaambia wachimbaji waanze. Sébastien mdogo, yule mchimbaji wa jina moja na noko, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia papa yangu alikuwa mkuu wa treni.

Saa nne walifika kwenye mkeka. Uzi tu umebaki, lakini unaona ni mkeka. Halafu mifupa. Ni mwanamke, papa Gédéon alipofika jioni alisema hivyo. Alivua kofia, akakaa na mgongo wake kwangu.

Nimetuma habari kwa Madame Josée. Mpaka ajibu siwezi kuacha mtu wazi namna ile na mvua inakuja. Nimemkusanya mwenyewe, wachimbaji walikataa kugusa. Nimemweka ndani ya mifuko miwili ya simenti niliyoosha, nikamsukuma chini ya behewa, upande wa kitanda changu ambako hakuvuji. Nimemwambia samahani. Sijui nimemwambia nani.

Papa, kwa nini uliandika lile neno bila kufikiri? Mtu anaweza kusahau. Ungesema tu umesahau.

Mikono yangu inanuka udongo hata nikisugua kwa majivu.

Aimée

*

Kilometa 86
27 Julai 2024

Papa,

Yusufu alifika Jumatatu, tarehe 22. Gurudumu lilimvunjikia njiani akalala siku moja akilitengeneza. Usimlaumu, alikuwa akikimbia kweli, miguu yake imevimba.

Kwa hiyo siku tatu mama alilala chini ya kitanda changu ndani ya mifuko ya simenti, na mimi juu yake nikilalamika bati linalia. Nilimchimba kwa amri yangu mwenyewe. Ulitaka nisome mpaka mwisho ndipo nikuchukie. Nimesoma mara nyingi, mpaka nakijua kila kitu kwa moyo, na ningefurahi kama chuki ndiyo ingekuwa yote niliyo nayo.

Nilikwenda kwa papa Gédéon na barua mkononi. Nikamwambia familia imeshasema, sasa na yeye aseme. Akasema. Nakuandikia kama alivyosema kwa sababu ni haki yako kujua, na kwa sababu sitaki kuyajua peke yangu.

Wale watatu walikufa siku ya kwanza na ya pili. Mama hakufa. Siku ya nne kutapika kulikwisha. Siku ya sita alikuwa anakunywa uji na kumgombeza papa Gédéon kwamba anaupika mwepesi. Haikuwa kipindupindu kwake, au ilikuwa na ikamwacha, nani atajua. Alikuwa dhaifu, hawezi kutembea hata mpaka kijijini, lakini alikuwa mzima. Kila asubuhi alijifunga kitenge akaomba asaidiwe mpaka ukingoni mwa reli, maana bwana yake amesema kesho.

Siku ya kumi na mbili waliisikia treni toka mbali. Papa Gédéon anasema, «Mi sikukuwa na kitambara, sikukuwa na bendera. Nikakata majani ya ngazi, ule muti ya mawese, nikainua juu sana, ili treni inione isimame. Ningeinua nini ingine?»

Hakuwa anakuambia kuna matanga, papa. Alikuwa anakusimamisha. Mama alikuwa ameketi nyuma yake kwenye mkeka, na mzigo wake mdogo umefungwa. Alikuona dirishani, na mimi mgongoni kwako. Akasema, «Ule njo yeye. Ametuona.» Akaanza kuinuka. Papa Gédéon anasema aliendelea kuinuka hata treni ilipokwisha kupita, akabaki amesimama peke yake bila kushikwa, mara ya kwanza tangu augue.

Aliishi siku tisa tena. Uji hakuutaka. Papa Gédéon alimwambia labda breki zimeharibika, labda askari wamekataza. Mama alimjibu, «Acha. Naye iko na mutoto.» Hilo ndilo alilokuachia, papa. Hakukutukana. Nimeuliza mara tatu kama alikutukana.

Tumemzika jana mahali pale pale, na chifu, na wanawake wa kijiji waliokuja bila mimi kuwaita. Nimemfunika kwa pazia moja la behewa, ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Madame Josée alinitumia ujumbe wa kunifukuza, halafu mwingine wa kunirudisha maana wageni walikuwa wameshafika Ubundu na hakuna wa kuwapikia. Walilala hapa usiku mbili. Choo tuliwafanyia cha majani upande wa maji. Wamesema hawajawahi kupata utulivu kama huu. Niliwakaangia ndizi.

Nimebaki. Sijui ni kwa muda gani. Ukitaka kuja, njia unaijua, sitakuzuia na sitakuja kukupokea.

Unasema ulikuwa ukimshika noko bega pale Ubundu. Nimemwandikia noko Sébastien yote, kuanzia kilometa 60 mpaka yale majani, na barua hiyo, pamoja na anwani yake ya Mangobo, nimempa Sadrack mkononi. Ameondoka nayo asubuhi hii. Yako nampa Yusufu, ambaye anatoka kesho. Ukiwa unasoma hapa, noko ameshajua, na labda ameshaita ndugu zake wa Yanonge. Watakuja kwako kukudai dada yao. Wafungulie, papa, wasikugongee mara mbili.

Aimée